Glasi Uliyoifunga kwa Gazeti

Nekesa mwanangu,

Ile glasi uliyoifunga kwa gazeti jana na kuiweka katikati ya sweta zako haijawahi kushika maji ya bwawa. Siku ile niliyosimama kwenye ukingo wa bwawa la mwisho, mbele ya wakulima na wakubwa wangu wa kazi, nikanywa mpaka tone la mwisho, nilikunywa maji ya mfereji wa ofisi. Nimelificha jambo hili tangu ulipokuwa darasa la nne. Mama yako alikufa bila mimi kumwambia, ingawa nadhani hakuhitaji kuambiwa.

Umeenda kusukwa nywele. Umesema utachelewa kwa sababu yule dada wa saluni huongea kuliko anavyosuka, na kwamba chai iko kwenye chupa na dawa za mchana ziko kwenye kisahani. Chai nimekunywa. Dawa nimezitazama. Nimekaa kwenye kiti cha mama yako karibu na dirisha, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na karatasi juu ya trei. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Nyumba imenyamaza. Kesho wakati kama huu, ukiwa safarini kwenda kazini kwako, itakuwa imenyamaza zaidi, lakini hilo si lako kulibeba.

Sitakuambia ule vizuri wala uchague nyumba yenye maji. Dada yako Nafula atakuambia hayo yote kwa simu, na akimaliza ataanza upya. Mimi nilikuwa nimepanga nife na jambo langu. Halafu jana ukafungua kabati, ukatoa ile glasi yenye mstari wa dhahabu, ukaniuliza, "Baba, si ni sawa nikienda nayo?"

Nikasema chukua.

"Nitaiweka kwa meza yangu pale maabara. Mtu akiniuliza mbona nimesomea maji machafu, namwonyesha hii."

Ulikuwa unacheka. Mimi nikageuka nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Ulifikiri ni uzee.

Sasa unajua kwa nini naandika. Kama ungeiacha kabatini ningenyamaza. Lakini unaenda nayo kazini, mahali ambapo watu wataishi chini ya mkondo wa maji utakayoyaachilia wewe, na siwezi kuiacha isimame kwenye meza yako kama ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea.

Acha nianze pale ninapoweza. Babu yako aliletwa Nakuru na reli kutoka upande wa Bungoma, akazeekea kwenye nyumba za reli, na alitaka mtoto wake mmoja afanye kazi ya kalamu. Nilisoma. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo kupata diploma, na babu yako alichinja kuku wawili. Alipouliza nitakuwa mkubwa wa nini, nikamwambia wa maji. Sikumwambia ni maji gani. Alijua baadaye, alipokuja kunitembelea kazini na upepo ukamwambia kabla hajafika langoni. Alisimama pale akiwa na kofia mkononi, akasema, "Kumbe ni hapa." Hakuja tena.

Nimeona aibu ya kazi hiyo katika uso wa baba yangu, kisha nikaiona katika uso wako. Unakumbuka Kaptembwo, kabla hatujahamia huku? Ulirudi kutoka shuleni siku moja na begi limepasuka. Hukusema kilichotokea. Ni Nafula aliyesema: kuna msichana alikuwa anakuita mtoto wa fundi wa mavi, na wengine wakawa wanaziba pua ukipita. Ulikula bila kuinua macho. Sikutolei sababu, Nekesa. Nataka tu ujue kwamba siku ya ile glasi, wewe ulikuwa mbele ya macho yangu kuliko wale watu wote waliokuwa pale.

Mabwawa sasa unayajua kuliko mimi. Lakini yale ya kwetu niliyajua kama mtu anavyojua tabia za ndugu yake. Bwawa la kwanza lilipokea kila kitu: mabomba ya mji, na lori za kunyonya vyoo zilizokuja zikipiga foleni asubuhi. Kazi yake ni kutuliza uchafu, tope likae chini, maji yapite juu polepole kwenda la pili, halafu la tatu ambako jua linamaliza kazi. Kila kitu kinategemea maji kukaa. Yakikaa muda wa kutosha, vijidudu vinakufa. Yakipita haraka, vinapita nayo.

Na bwawa la kwanza lilikuwa limejaa tope. Lilipaswa kuzolewa, na kila mwaka tuliomba mashine, na kila mwaka tuliambiwa mwakani. Ilifika wakati ndege ambao zamani walikuwa wakiogelea pale wakawa wanatembea. Nilikuwa nikiwaona kutoka dirisha la ofisi, wanatembea juu ya bwawa langu kama wako shambani, na nikaendelea kunywa chai.

Hapa ndipo nilipoanza kuharibika, si kwenye glasi. Ilikuwa desturi yetu kuchukua sampuli jua likiwa utosini. Nilipoanza kazi niliwakuta wenzangu wanafanya hivyo, na walisema ni kwa sababu asubuhi kuna umande na ukingo unateleza. Wewe unajua maana yake. Mchana bwawa la mwisho ni kijani kizuri, ule ukijani unapumua, maji yamejaa hewa, ukiyapima yanakusifu. Ukirudi kabla jua halijachomoza, bwawa lilelile limekata pumzi. Tulipima mchana, tukaandika tulichokiona. Hakuna nambari hata moja niliyoitunga. Nilichagua tu saa ya kuuliza. Unaweza kukaa miaka mingi hivyo, mwanangu, bila kusema uongo na bila kusema kweli, na ulale vizuri.

Maji yetu yaliingia kwenye kijito, na kijito kikateremka kwa watu waliolima mboga. Tuliwaita watu wa chini. Kiongozi wao hakuwa na cheo chochote. Alikuwa ni Mama Chebet, mama Mkipsigis mwenye mabuti meusi ya mpira na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo. Umewahi kula sukuma wiki zake bila kujua. Alikuwa akija pale langoni na gunia mgongoni akielekea sokoni, analitua, anasema nami kupitia vyuma vya geti.

"Fundi, leo mmetuletea nini?"

"Maji, Mama Chebet."

"Haya si maji. Haya ni jirani mbaya. Anakuja usiku bila kubisha."

Nilicheka naye. Alikuwa mcheshi hata akikasirika. Lakini siku nyingine alikuja bila gunia, akasema watoto wa huko wanaharisha, wa kwake na wa majirani, na kwamba wameamua kuchimba kisima juu ya mteremko, mbali na kijito. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuchimba kwa zamu. Mpaka kisima kiwe tayari, alisema, wao watakuja na mawe wazibe tundu letu la kutolea maji, turudishiwe mzigo wetu wenyewe.

Wakubwa walishtuka kusikia habari ya mawe. Ukiziba tundu lile, mabwawa yanafurika mpaka ofisini. Wakanituma mimi kuongea nao, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma na ndiye waliyemzoea.

Walikuja langoni wengi, wanawake kwa wanaume. Nikawaeleza kuhusu mabwawa matatu. Niliwaeleza vizuri, kwa lugha rahisi, na nikaona wanasikiliza. Halafu kijana mmoja wa boda boda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake, mguu mmoja kwenye tenki, akasema, "Mzee, hiyo yote tumeskia. Kama iko safi, si ukunywe tuone."

Watu wakacheka.

"Nikunywe?"

"Si wewe ndio unapika? Hata mathe wa hoteli huonja supu kabla atuuzie."

Wakacheka zaidi. Mama Chebet hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, anangoja.

Ningeweza kusema hapana pale pale. Ningeweza kusema: maji haya yametayarishwa kurudi kwenye kijito, hayakutayarishwa kuingia mdomoni, na hata yakiwa mazuri kabisa hayanywewi. Hilo ndilo jibu, na mtoto wa chuo mwaka wa kwanza analijua. Lakini walikuwa wanacheka, na nikasikia kile kicheko kama cha wale watoto wa shule yako. Nikasema, "Njooni Jumatano. Nitakunywa mbele yenu."

Wakanyamaza wote. Nilipenda ule ukimya. Ni aibu kusema nilivyoupenda.

Nilikusudia kweli kuyanywa, uamini hilo au usiamini. Nilijiambia tone dogo halitaniua. Lakini siku mbili kabla ya Jumatano mvua kubwa ilinyesha mji mzima, na nikawa na wasiwasi, nikaenda kazini alfajiri, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa miaka. Nilishuka kwenye tundu la kutolea maji nikiwa na tochi. Maji yalikuwa yanatoka meusi. Kwenye wavu wa mwisho kulikuwa na vitu ambavyo havikupaswa kuvuka hata bwawa la kwanza. Mvua ilikuwa imesukuma kila kitu juu ya lile tope na kukipitisha moja kwa moja, kama hakuna mabwawa, kama ni mtaro. Nikatazama kijito kikiyapokea na kuondoka nayo kwenda chini, na huko chini moshi wa majiko ulikuwa umeanza kupanda. Watu walikuwa wanaamka kuchota maji ya chai.

Nilimwendea mkubwa wangu. Nikamwambia Jumatano haiwezekani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akasema, "Wewe umejitia mwenyewe. Jitoe mwenyewe. Ila mawe yasije." Hakunifundisha hila yoyote. Hila ilikuwa yangu.

Jumanne jioni mama yako alikuwa anachemsha majani ya kunde. Unajua alivyokuwa akizipika: anazichemsha kwanza, anamwaga maji, halafu anatia maziwa na kuziacha zilale. Nilikuwa jikoni. Akainamisha sufuria ili amwage yale maji, nami nikayaona yanatoka kijani kibichi, rangi ileile ya bwawa la mwisho mchana. Nikamwambia, "Usimwage yote." Akaniuliza ya nini. Nikasema nataka kuyajaribu kwenye maua ya ofisini. Akanitazama, akanijazia chupa ya dawa ya kikohozi iliyokuwa imeoshwa, akarudi kwenye moto wake.

Asubuhi nilijaza jagi maji ya mfereji nikatia maji ya kunde kidogo kidogo, nikilinganisha na chupa ya sampuli dhidi ya mwanga wa dirisha. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko kipimo chochote nilichowahi kufanya. Rangi ilipofanana kabisa nilijisikia fahari. Hiyo ndiyo elimu yangu ilipofikia.

Nilikuwa na majagi mawili yanayofanana. Moja nililificha mapema nyuma ya kisanduku cha valvu, chini kabisa kwenye ngazi za kushukia tundu la kutolea maji. Walipokuja niliwaambia wabaki juu, ngazi zinateleza. Nikashuka peke yangu, nikawapa mgongo, nikachovya jagi moja na nikapanda na jingine. Glasi nilikuwa nimeitoa nyumbani, moja katika zile sita za harusi yetu. Niliona ikifaa iwe glasi nzuri.

Nikamimina. Nikaiinua ili waione rangi. Nikanywa.

Yule kijana wa boda boda akasema, "Ngojeni kwanza, labda ataanguka." Watu wakacheka, lakini sasa walicheka upande wangu. Mtu mmoja akasema, "Mzee amemeza." Mkubwa wangu akapiga makofi, wakamfuata. Mama Chebet alikuja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ngumu kama mpini wa jembe. "Sasa nimeamini, fundi," akasema. "Mimi nimekusema vibaya sana kwa watu. Usiniwekee moyoni."

Nikamwambia hakuna neno.

Kesho yake uliingia nyumbani ukikimbia, hata viatu hukuvua. "Baba, mwalimu amewaambia darasa zima. Amesema wewe ni jasiri." Yule msichana aliyekuwa anakuita jina baya alikuja Jumamosi kutaka kuiona glasi. Ulimwonyesha, hukumwacha aiguse. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kutoka siku hiyo ningewezaje kukuambia?

Na sasa mama yako. Usiku ule wa Jumatano, ninyi mkiwa mmelala, alikuwa anaosha vyombo. Akaiosha ile glasi, akaipangusa, akaishika kwenye taa. Akaniuliza bila kugeuka, "Baba Nafula, maji ya bwawa yana chumvi?"

Nikasema, "Chumvi ya wapi?"

"Nauliza tu."

Kunde zake, Nekesa, alizichemsha na chumvi kila mara. Nilikuwa nimeionja pale juu ya ukingo, mbele ya watu wote, chumvi ya nyumbani kwangu, na nilifikiri hakuna mwingine duniani anayejua. Aliiweka glasi nyuma kabisa ya kabati. Ni wewe uliyeitoa na kuiweka mbele. Zile nyingine tano zilivunjika moja moja katika kuhama na katika Krismasi, hii ikabaki. Umewahi kumwona mama yako akiinywea? Umewahi kumsikia akisimulia habari ile? Kila mtu alipoianza, kanisani au hapa sebuleni, alikuwa anainuka kwenda kuangalia jiko hata kama halikuwa na kitu. Nilingoja aniulize tena. Nadhani naye alingoja nimwambie. Tuliishi hivyo mpaka mwisho, watu wawili wanaojua jambo moja, kila mmoja na lake. Siku ya mazishi yake ulisimama ukasema baba yako ni mtu aliyekunywa maji ya kazi yake mwenyewe, watu wakaitikia, nami nilikuwa nimekaa karibu na jeneza. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata sasa.

Mvua zilizofuata, watu wa chini waliugua. Mtoto wa mwisho wa Mama Chebet alilazwa hospitalini na homa ya matumbo mpaka nywele zikamtoka. Alipona, lakini mwaka huo hakurudi shule. Mama Chebet alipita langoni na gunia lake, akalitua.

"Si maji," akaniambia. "Maji wewe ulikunywa, na uko mzima. Tumefikiri sana. Tumeona ni maziwa."

"Maziwa?"

"Ya ile ng'ombe yangu nyekundu. Nimeuza."

Nikamwambia pole. Hilo tu. Aliuza ng'ombe mzuri asiye na kosa, kwa sababu yangu, na mimi nikasema pole, nikamsaidia kuinua gunia.

Sikuhitaji kuwa shujaa, mwanangu. Maneno matatu yangetosha: chemsheni maji kwanza. Nilikuwa na shule yote ya kuyasema, na kila siku nilipita karibu nayo. Lakini mtu aliyekunywa bila kuchemsha atasemaje wengine wachemshe? Nilijifungia mlango mwenyewe na watu wengine ndio walikuwa nje kwenye mvua. Baada ya hapo nilianza kupima alfajiri. Niliandika nilichokiona, nikapiga kelele kuhusu tope mpaka wakaniona msumbufu, na miaka mingi baadaye mashine ikaja. Unaposimulia habari zangu hulijui hilo, kwa sababu halipendezi kusimuliwa. Hata hivyo haikufuta kitu. Na mvua kubwa ikija leo, bado kijito kinabeba vitu ambavyo hakikupaswa kubeba, na watu wa chini bado wanachota.

Huko uendako kuna siku mtu atakuambia ukunywe. Labda si kwa glasi. Labda atataka useme neno moja zuri redioni, au utie sahihi mapema kwa sababu wageni wanakuja. Sijui utafanya nini. Mimi sina haki ya kukuagiza. Naweza kukuambia tu ladha yake, na hiyo ladha haikutoka mdomoni mwangu tena.

Mwaka jana, ulipokuwa kwenye mafunzo, nilichukua boda boda nikaenda kwa Mama Chebet. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimkuta ameketi nje kwenye jua, fimbo magotini, mabuti yaleyale au ndugu zake. Akanitambua kwa sauti.

"Fundi! Bado unakunywa?"

"Nimeacha, Mama Chebet."

"Umezeeka. Hata mimi. Lakini bado nawaambia hawa watoto, kuna mtu mmoja tu wa serikali niliyewahi kumwamini."

Wajukuu wake walikuwa wanacheza karibu na mtungi wa maji, mmoja akichovya kikombe na kunywa. Niliona. Nikafungua mdomo, na nikajisikia nikiuliza habari za mahindi. Alinipa kunde za kubeba nyumbani. Ulipozikuta jikoni uliniuliza nani amezileta, nikasema nimenunua.

Nafula atakuja kukaa nami Jumamosi. Nimemwomba anipeleke kwa Mama Chebet, sijamwambia kwa nini. Nikifika, nitasema. Kama miguu hii au moyo huu hautanifikisha, basi barua hii itakuwa imefika kwako, na nakuomba uende wewe. Nitaikunja niiingize ndani ya glasi kabla hujarudi, uikute huko utakapoifungua. Nitakuwa mbali na uso wako ukiisoma. Huo pia ni woga, najua. Glasi fanya unavyoona. Unaweza kuivunja. Unaweza kuinywea maji safi.

Ukienda kwa Mama Chebet, usianze na glasi. Mwambie kuhusu kisima. Juu ya nyumba yake, kwenye mteremko, kuna migomba kadhaa imekaa kama duara. Kisima chao kiko chini ya migomba hiyo. Siku zote nimesema, hata kwako, kwamba waliacha kuchimba kwa sababu waliona hakihitajiki. Nilijiambia hivyo, na nikajiambia pia kwamba maji ya visima vya huku yana madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa rangi ya chai, kwa hiyo labda nimewaokoa na jambo. Unaona namna mtu aliyesoma anavyoweza kujipatia sababu.

Ijumaa baada ya glasi nilipitia huko nikielekea kukagua kijito. Niliwakuta wanaume wamesimama karibu na shimo. Walikuwa wamechimba kwenda chini kuliko urefu wa watu kadhaa waliosimamiana mabegani, na mmoja wao alikuwa bado ndani. Alikuwa ametuma ndoo ya mwisho juu. Niliingiza mkono kwenye ndoo ile. Udongo ulikuwa mweusi na umelowa, nikaufinya, na maji yakanitoka kati ya vidole, baridi, bila harufu yoyote.

Wakaniuliza, "Fundi, unaonaje? Tuendelee ama hakuna haja?"

Wangefika kwa siku chache. Nilijua. Na nilijua kwamba kisima kikifunguka, mtu angeuliza kwa nini watoto wameacha kuugua.

Nikawaambia hakuna haja, shimo wazi ni hatari kwa watoto. Nao wakasema vifaa vya kulifukia hawana vya kutosha. Nikarudi kazini, nikafungua stoo, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikawabebea sepetu.

Baba yako